Hongera kwa Msiba

Palikuwa na nchi, na nchi yenyewe si hii. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akanuna bure akidhani anasemwa yeye. Nchi hiyo iliitwa Jamhuri ya Kimbelembele, jina lililotokana na ari ya wananchi wake ya kwenda mbele. Hayo ndiyo yaliyokuwa maelezo ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na waliokuwa na maelezo mengine walikuwa ndani.

Fahari ya Kimbelembele ilikuwa Kiwanda cha Taifa cha Magunia. Kilishona magunia mengi kuliko mazao ya kuyatia, kwa hiyo magunia yaliyobaki yalitiwa ndani ya magunia mengine, yakahesabiwa upya, na uchumi ukakua.

Humo ndimo alimokuwa Siwema, kibarua wa kupinda midomo ya magunia. Alikaa benchi moja na Tabu, uso kwa uso, gunia katikati. Mmoja alivuta mdomo wa gunia ukakaza, mwenzake akapitisha shazia, ile sindano nene ya magunia, na mkono ukichoka walibadilishana. Watu wakikaa hivyo kwa miaka hawana tena la kufichana. Tabu alijua kwamba mume wa Siwema alikwenda kutafuta maisha akasahau njia ya kurudi. Siwema alijua kwamba mume wa Tabu, Melkiori fundi redio, alimpikia mkewe uji kila alfajiri, na kwamba jambo hilo aliwaficha wanaume wenzake kama mtu anayeficha upele. Uji wenyewe Siwema alikuwa akiunywa pia, maana Tabu aliuleta kazini kwenye chupa ya chai.

Tabu alikuwa mwajiriwa wa kudumu. Siwema hakuwa. Kila mwaka aliambiwa asubiri mwaka, na kibarua mwenye watoto wanne, akiambiwa asubiri, husubiri.

Kiwandani hapo, kama mahali popote penye watu, ulikuwa hupiti mbele ya mtu mwenye kazi mkononi bila kumwambia, "Pole na kazi." Zamu iliyoingia iliwapa pole waliokuwa wakitoka, waliotoka wakawapa walioingia pole ya safari. Aliyejikwaa alipewa pole na mtu ambaye hakumkwaza. Aliyepiga chafya alipewa pole. Hakuna aliyedhani kwamba amesema kitu, kama vile mtu asivyodhani kwamba amefanya kitu akipumua.

*

Ndipo Serikali ilipoanzisha Wizara ya Furaha Kazini, ikampa uwaziri Mheshimiwa Majonzi Bwete, mtu aliyekuwa na uzoefu mkubwa wa furaha na uzoefu mdogo wa kazi. Alikusanya wafanyakazi uwanjani, juani, akasimama kivulini.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Tumepima mvua. Tumepima ardhi. Tumewapima mkojo. Nani alitukataza kupima furaha? Dunia imeingia kwenye dijitali, nasi hatutabaki nyuma, hatutabaki katikati, hatutabaki hata mbele. Sisi tutakuwa mbele ya mbele!"

Watu walipiga makofi, kwa sababu wenye vipaza sauti waliwaonyesha wapi pa kupiga.

Kila mmoja akafungwa shingoni kidude cheusi, ukubwa wa kiberiti, kwenye mnyororo wenye kufuli dogo. Kidude kilisikia kila neno na kulipeleka Wizarani, kwenye mtambo mkubwa uliolipima. Neno la furaha liliongeza alama na kuwasha taa ya kijani. Neno la huzuni lilipunguza alama na kuwasha taa nyekundu, na alama zilipunguzwa kwa benchi zima ili watu wapendane. Hata nyumbani hakikuvuliwa kwa kuwa, kama alivyoeleza Mheshimiwa, furaha haina saa za kazi. Ukikiziba kwa kiganja kililia kama mbuzi. Wafanyakazi wakakiita Mkwe, maana mbele ya mkwe mtu huchunga ulimi.

Mkwe alifundishwa lugha na mtaalamu kutoka ng'ambo. Mtaalamu huyo alikaa hotelini na kamusi, na kila alipokwama alimuuliza mhudumu wa chakula. Mhudumu alimjibu "Ndiyo, bosi" kwa kila swali, kwa sababu ndivyo alivyofunzwa kazini.

Ripoti ya kwanza ilipotoka, Wizara ilishtuka. Mkwe aliripoti kwamba wafanyakazi vijana wanawashika wazee miguu saa za kazi, kila asubuhi, na wazee wanakiri kwamba wamefurahia. Hiyo ilikuwa shikamoo. Aliripoti kwamba wengi wao "wanasukuma siku", na Wizara, isiyopenda kuona mwananchi akisukuma kitu kwa mikono mitupu, ikaleta matoroli. Kuhusu Tabu aliripoti kwamba anaitwa mchana kutwa, "Tabu, njoo! Tabu, kaa hapa!", na kwamba hakuna taifa lililowahi kuendelea kwa kukaribisha tabu. Akabadilishwa jina siku hiyo hiyo, akawa Raha. Jina la Mheshimiwa Majonzi halikuguswa, kwa kuwa majonzi ya waziri ni mali ya umma.

Lakini neno lililowatoa wakubwa jasho lilikuwa pole. Kamusi ya mtaalamu ilisema ni neno la kumfariji aliyefiwa. Mtambo ulihesabu pole zote zilizosemwa kiwandani kabla ya chai ya saa nne, ukapiga hesabu zake, ukatangaza kwamba Kiwanda cha Taifa cha Magunia kimeingiliwa na tauni.

Bendera ikashushwa nusu mlingoti. Lori la jeshi likaleta majeneza. Mheshimiwa Majonzi akafika na miwani myeusi na hotuba ya maombolezo, akawakuta marehemu wote wanakunywa chai. Hotuba ilikuwa imekwisha kuchapwa, kwa hiyo akaisoma. Marehemu wakampigia makofi.

Baadaye alimvuta pembeni meneja wa kiwanda, Bwana Lugendo, mtu mpole wa kutosha, ambaye tatizo lake lilikuwa moja tu: aliogopa.

"Hakufa mtu?"

"Hakufa mtu, Mheshimiwa."

"Sasa hawa wanapeana pole ya nini?"

"Ya... ya kazi, Mheshimiwa."

Waziri alivua miwani. "Yaani mimi nahangaika kuwaletea furaha kazini, wao wanaipa kazi rambirambi? Kazi ni msiba? Kazi ni maiti?"

"Ni salamu tu, Mheshimiwa."

"Ni uchochezi, Lugendo. Na wewe ukiitetea nitakuongezea furaha mpaka ushangae."

Kesho yake amri ikabandikwa mlangoni. Neno pole limefutwa kazini, nyumbani na njiani. Popote ambapo mtu angesema pole, aseme hongera. Atakayesema pole mara moja benchi lake litakatwa alama zote, naye atafukuzwa. Kibarua ambaye hatawasha taa nyekundu mpaka Siku ya Furaha ya Taifa ataajiriwa moja kwa moja.

Siwema aliisoma sentensi hiyo ya mwisho akairudia. Alikwenda nyumbani akawaambia watoto wake kwamba safari hii Mungu akipenda mambo yatanyooka. Watoto walishangilia, na taa ya Mkwe ikawa kijani.

*

Wakaanza maisha mapya. "Hongera na kazi!" walisalimiana zamu zikipishana, kama watu wasiojuana waliokutana arusini. Yasini wa benchi la kina Siwema shazia ikamwingia kidoleni ikatokea upande wa pili, na benchi zima likapiga kelele, "Hongera, Yasini! Hongera kwa kidole!" Yasini alishukuru huku machozi yakimtiririka, na Mkwe akayaandika kuwa machozi ya furaha.

Mchoro wa furaha ukutani mwa ofisi ulipanda mpaka Bwana Lugendo akagundisha karatasi nyingine juu yake. Wageni waliletwa kuutazama. Magunia nayo yalipungua, lakini magunia hayakuwa tena kipimo.

Siwema hakuweza kueleza kilichobadilika. Gunia lilikuwa lile lile, mkono ule ule, hata mshahara ule ule. Lakini jioni alirudi nyumbani amechoka uchovu asioujua, kama mtu aliyebebeshwa mzigo na asipatikane wa kumtua. Zamani angefika mlangoni, jirani akamwambia pole na kazi, naye akaguna, na kazi ikaishia hapo. Sasa kazi ilikuwa haiishi.

Basi Melkiori akafa.

Alipanda juu ya paa la jirani kurekebisha antena, mti wa antena ukamteleza, akaanguka. Habari ilimfikia Tabu akiwa na gunia mkononi. Aliinuka akatoka bila kuvua aproni, na Siwema akamkimbilia, lakini mlinzi wa geti akamrudisha, maana vibarua hawakuwa na ruhusa ya misiba ya watu wengine.

Kiwanda kikaunda ujumbe wa kwenda mazishini Jumapili, ukiongozwa na Bwana Lugendo. Ndani ya basi alisimama, akashika kiti, akajikohoza.

"Ndugu zangu," alisema, "mnaifahamu amri. Mimi siwaambii kitu. Kila mtu anafahamu lugha ya kazi."

"Lakini Bwana Meneja," alisema mama mmoja, "msibani utasema nini?"

Bwana Lugendo alitazama kidude kilichokuwa kifuani mwa yule mama, akatazama cha kwake. "Lugha ya kazi," alirudia, akakaa.

Tabu alikuwa ameketi mkekani katikati ya ndugu wa marehemu, kanga kichwani, macho yamevimba. Mkwe alikuwa shingoni mwake, maana hata yeye hakuna aliyemfungua. Bwana Lugendo akamwinamia, akamshika mikono yote miwili, akafumba macho.

"Hongera, Raha," alisema. "Hongera sana kwa msiba."

Waliofuata wakafuata. Hongera kwa kufiwa. Hongera, Mungu amekuchagua. Yasini alisema hongera kwa sauti ndogo mno, kidude chake kikamwomba arudie.

Shangazi wa marehemu, mwanamke mtu mzima kutoka milimani, alimgusa jirani yake. "Hawa wanasemaje?"

"Wanampongeza."

"Wanampongeza kwa lipi?"

"Sijui, shangazi. Labda marehemu hawakumpenda."

Siwema aliachwa awe wa mwisho, kwa kuwa kila mtu alijua yeye ni nani kwa Tabu. Alipiga magoti. Tabu aliinua uso akamtazama, na Siwema aliona wazi kwamba mwenzake anangoja. Wote wale waliotangulia aliwavumilia kwa sababu alijua Siwema yuko nyuma yao.

Siwema aliwaona akilini watoto wake wanne. Aliliona benchi lao, watu sita, alama zao zote. Alijaribu kusema hongera, neno likafika menoni likakataa kutoka. Lile jingine lilikuwa kooni, akalizuia kwa nguvu zake zote. Kilichotoka kati ya hayo mawili kilikuwa kilio, kirefu, cha kupanda na kushuka, na kilipotoka wanawake wote mkekani wakakipokea. Walilia hata watu wa basi.

Tabu hakulia. Alimwinamia Siwema sikioni.

"Hata wewe?" alisema.

*

Mkwe, kwa bahati mbaya, hakuwahi kufundishwa kilio. Mtaalamu alikuwa amemuuliza mhudumu wa hoteli kama sauti ndefu ya kupanda na kushuka isiyo na maneno ndani yake ni wimbo, na mhudumu akasema ndiyo, bosi. Jumatatu mtambo ulitangaza kwamba Jumapili alasiri wafanyakazi wa magunia walifanya tamasha, kwamba waliimba kwa pamoja kuliko kundi lolote nchini, na kwamba mwimbishaji wao, kibarua Siwema, ndiye mtu mwenye furaha kuliko wote katika Jamhuri ya Kimbelembele.

Wizara ikamteua Mfanyakazi Bora wa Furaha. Atapewa tuzo na Mheshimiwa mwenyewe Siku ya Furaha ya Taifa, na pamoja na tuzo atapewa ajira ya kudumu. Watu walikuja benchini kumwambia hongera, na kwa mara ya kwanza neno hilo lilikuwa mahali pake, ila hakuna aliyeweza kulitofautisha.

Tabu alirudi kazini wiki hiyo, kwa kuwa likizo ya msiba ilikuwa imegeuzwa likizo ya sherehe, na sherehe hupewa siku chache. Alikaa mahali pake. Alivuta mdomo wa gunia, Siwema akapitisha shazia.

"Umekula?" Siwema aliuliza.

"Nimekula."

"Watoto?"

"Wapo."

Walimaliza gunia, wakachukua jingine.

"Tabu..." Taa ikapepesa. "Raha," alijisahihisha Siwema, na aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Tabu alisema polepole, bila kuinua macho kutoka kwenye gunia. "Wamekuja watu kutoka milimani, hawamjui Melkiori, hawanijui mimi, wakanipa lile neno. Mchuuzi wa maji amenipa lile neno. Wewe uliyekunywa uji wake..." Taa yake ilikuwa nyekundu na hakuitazama. "Basi. Usiseme kitu. Najua una watoto."

Afadhali angemtukana. Tusi lina pa kushika, mtu unalijibu. Siwema alishona gunia hilo vibaya, akalifumua, akalishona tena vibaya. Alifikiria kuandika neno lile kwenye karatasi, akaona ni upuuzi, pole haiandikwi ikasukumwa chini ya meza kama hongo. Alifikiria kungoja apate kwanza ile ajira ndipo aseme, akakumbuka kwamba mwajiriwa wa kudumu hufungwa Mkwe wa kudumu.

*

Ukumbi wa Mafanikio ulipambwa kwa magunia mapya. Wakubwa walikaa mbele kwenye viti vya kubonyea, wafanyakazi nyuma kwenye viti vya mbao, na Tabu alikaa nyuma ya hao wa nyuma. Mheshimiwa Majonzi alizungumza muda mrefu kuhusu furaha, mpaka wawili kati ya wageni waalikwa wakasinzia nayo. Kisha akamwita Siwema jukwaani, akamvisha shada, akainua juu barua ya ajira ili wapiga picha waione.

"Na sasa," alisema, "taifa zima linataka kuusikia wimbo ule. Ule uliovunja rekodi! Imba, mama. Usione haya."

Akamwachia kipaza sauti. Siwema alikitazama.

"Hauimbiki hapa, Mheshimiwa."

"Kwa nini hauimbiki? Unataka ngoma? Ngoma ziko."

"Si ngoma. Ule wimbo hauimbwi mpaka afe mtu."

Mheshimiwa alifikiri kwa muda wa kiongozi kufikiri, ambao si mrefu. Aliona kamera. Aliona wageni wa ng'ambo waliokuja kuununua mtambo. Akamgeukia Bwana Lugendo.

"Basi atafutwe!" alisema.

Safu za mbele zikapiga makofi. Safu za nyuma zilitazamana, na kila mtu akajisogeza kidogo kutoka karibu na mlango. Bwana Lugendo aliinuka nusu, hajui aende wapi.

"Hakuna haja, Mheshimiwa," alisema Siwema. "Yupo. Alishakufa." Akageuka, akatafuta kwa macho mpaka kiti cha mwisho, na sauti yake ikatoka kwenye vipaza sauti vyote vya ukumbi. "Tabu! Tabu, mwenzangu, pole. Pole sana. Pole kwa kufiwa na baba watoto. Nilichelewa, niliogopa. Pole."

Taa yake ikawa nyekundu, na nyekundu ile ikahamia kwenye vifua vya benchi lake lote. Yasini aliitazama yake, akakunja mikono kifuani. Mahali fulani Mkwe mmoja alilia kama mbuzi, mtu alikuwa ameziba cha kwake.

Mheshimiwa Majonzi alikinyakua kipaza sauti. "Kwa mamlaka niliyopewa," alitangaza, "kuanzia dakika hii umeachishwa kazi! Na ajira ya kudumu umeachishwa kabla hujaipata, jambo ambalo ni la kwanza katika historia yetu, na kwa hilo tunakupongeza. Lugendo, mfungue!"

Bwana Lugendo alipanda na rundo la funguo. Alijaribu funguo tatu ndipo kufuli likakubali. Alipogeuka kushuka alimkuta Tabu mbele yake, amekwisha kuvuka ukumbi mzima, ameinamisha shingo.

"Na wangu," alisema Tabu.

"Wewe hujafukuzwa, Raha."

"Naitwa Tabu. Fungua."

Alifungua. Waziri alikuwa anaendelea kusema, lakini wanawake wale wawili walikuwa hawamsikii. Tabu alimshika Siwema mikono, akamjibu kama watu wanavyojibu.

"Nimeshapoa, mwenzangu," alisema. "Nimeshapoa."

Hakuwa amepoa hata kidogo. Sauti yenyewe ilimkatikia katikati. Wakatoka nje, wakakaa kwenye ngazi za ukumbi wakiwa na shada la maua magotini, wakalia mpaka wakatosheka, na hakuna aliyewapima.